Vioo Viwili au Vitatu, Kuchomeka au Kung'oa: Kuchagua Madirisha ya Nyumba ya Winnipeg

Wengi wetu tuliohamia Winnipeg, Kanada, kutoka Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu au Bujumbura tulikuja na kipimo chetu cha dirisha zuri: fremu ya alumini inayong'aa, vioo vipana vya kusukuma, nondo za usalama na wavu wa mbu. Kwetu kipimo hicho kina maana, kwa sababu kazi kubwa ya dirisha huko ni kuingiza upepo. Hapa, katika jiji ambalo wahandisi hukadiria mitambo ya kupasha nyumba joto kwa baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri, dirisha la namna hiyo ndilo baya kuliko yote, na nimeona familia zaidi ya moja zikilichagua kwa kuwa macho yao yamezoea kuliona kuwa ni la kifahari. Kazi yangu ni kufunga madirisha, na ulinganisho huu ninauandika kwa ajili ya mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza huku, au anayetaka kubadilisha madirisha ya zamani na ameletewa makadirio matatu ya bei asiyojua tofauti zake.

Wauzaji huanza mazungumzo na fedha utakazookoa kwenye bili ya gesi au umeme. Mimi ningependa mnunuzi aanze na swali jingine: usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, sebule ikiwa na nyuzi 20, uso wa kioo unaoelekea ndani utakuwa na joto kiasi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kioo kitatoka jasho, kama jasho hilo litaganda, kama mbao za ukingo zitaoza, na kama bibi ataweza kukaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha bila kuhisi baridi inamporomokea mabegani. Baridi hiyo watu wengi hudhani ni upepo unaopenya, lakini mara nyingi ni hewa ya chumbani yenyewe iliyogusa kioo, ikapoa, ikawa nzito na kushuka.

Hesabu yake si ngumu. Kioo kimoja kitupu katika usiku huo huwa na uso wa ndani ulio takriban nyuzi 17 chini ya sifuri, yaani barafu huota upande wa chumbani. Vioo viwili vya kawaida, vyenye hewa tu kati yake, hufikia kama nyuzi 2. Vioo viwili vilivyopakwa utando wa kurudisha joto na kujazwa gesi ya agoni hufikia kama nyuzi 10, na vioo vitatu vyenye tando mbili na agoni hukaribia nyuzi 15. Hizo ni namba za katikati ya kioo; kandokando, hasa kwenye pembe za chini, joto hushuka zaidi, na huko ndiko matatizo yote huanzia.

Sasa linganisha namba hizo na unyevu wa nyumba. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 30 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 2 au chini yake. Ikiwa na asilimia 40 kiwango hicho hupanda hadi nyuzi 6, na ikifika asilimia 50 huwa ni nyuzi 9. Nyumba zetu zina unyevu mwingi, na hili halina aibu yoyote: tuna watu wengi chini ya paa moja, sufuria ya maharage hutokota kwa saa mbili, nguo za watoto huanikwa ndani, na feni ya jikoni haiwashwi kwa kuwa inapiga kelele. Nyumba ya mtu anayeishi peke yake na kula chakula cha kupasha inaweza kuvumilia dirisha ambalo nyumbani kwako litalowa kila asubuhi kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa hiyo jirani akikuambia kwamba madirisha yake ya vioo viwili hayana shida, muulize kwanza kwake wanaishi wangapi.

Vioo viwili dhidi ya vioo vitatu

Namba utakayoiona kwenye kila lebo ni ya U, ambayo hueleza ni wati ngapi za joto zinazopita katika mita moja ya mraba ya dirisha kwa kila uzi mmoja wa tofauti kati ya ndani na nje. Namba ikiwa ndogo, dirisha ni bora. Dirisha zima la vioo viwili lenye utando na agoni huwa na U ya karibu 1.6, na la vioo vitatu lililotengenezwa vizuri huwa kwenye 1.1 au chini yake. Ukisoma katalogi ya Marekani utakuta namba kama 0.30, ambazo zimepimwa kwa vipimo vya kwao. Zidisha kwa 5.678 upate za Kanada, na hiyo 0.30 itakuwa 1.70. Sharti uulize pia kama namba unayopewa ni ya dirisha zima au ya katikati ya kioo pekee, kwa sababu ya katikati huwa nzuri zaidi, na muuzaji mwenye haraka atakutajia hiyo.

Tuchukue nyumba yenye mita 20 za mraba za madirisha. Kwa majira ya baridi ya Winnipeg, tofauti kati ya U ya 1.6 na ya 1.1 ni takriban uniti 1,360 za nishati kwa mwaka. Kwa anayepasha nyumba kwa umeme, tuseme kwa senti 10 kwa uniti, hizo ni kama dola 136. Ikiwa nyongeza ya bei ya kioo cha tatu ni dola 2,000 kwa nyumba nzima, itachukua karibu miaka 15 kurudi. Ninaiweka hesabu hii wazi kwa makusudi, kwa kuwa anayeuziwa vioo vitatu kwa ahadi ya kuokoa fedha upesi atavunjika moyo. Sababu ya kuvichagua ni zile nyuzi 5 za ziada kwenye uso wa kioo. Ndizo zinazotenganisha chumba ambacho mtoto anaweza kulala kitanda chake kikiwa kimegusa ukuta wa dirisha, na chumba ambacho kila asubuhi mtu anapitisha taulo kwenye ukingo.

Vioo vitatu vina gharama nyingine zisizoandikwa kwenye makadirio. Kioo cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba, na hivyo dirisha la mita moja na nusu ya mraba lenye vioo vitatu vya milimita 3 hubeba karibu kilo 34 za kioo, wakati la vioo viwili hubeba kilo 22 na nusu. Bawaba hafifu italegea baada ya miaka michache, dirisha litaanza kuinama na mpira wa kuzibia hautabana tena. Kwa hiyo anayenunua vioo vitatu kwenye fremu ya bei rahisi yenye bawaba nyembamba amefanya kazi nusu. Mwanga nao hupungua kidogo, jambo ambalo katika chumba cha kaskazini mtu mwenye macho makini huliona.

Uamuzi wangu, baada ya kufunga vya aina zote mbili, ni huu: vyumba vya kulala, sebule ya familia na kila dirisha linaloelekea kaskazini au magharibi viwe na vioo vitatu, na kama fedha hazitoshi kwa nyumba nzima, ni afadhali kufanya nusu ya nyumba mwaka huu na nusu nyingine baadaye, kuliko kufunga vioo viwili kila mahali na kukaa navyo miaka 25. Gereji na chumba cha kuhifadhia vitu havihitaji kioo cha tatu.

Utando, gesi na ukanda wa pembeni

Utando wa kurudisha joto, ambao kwenye lebo huandikwa Low-E, ni tabaka jembamba mno la metali, mara nyingi fedha, linaloruhusu mwanga upite na kurudisha joto linakotoka. Mahali ulipowekwa pana maana. Nyuso za vioo huhesabiwa kuanzia nje, na katika dirisha la vioo viwili utando uliowekwa uso wa tatu huruhusu joto la jua kuingia zaidi kuliko uliowekwa uso wa pili. Wapo watengenezaji wanaoongeza utando kwenye uso wa ndani kabisa, ule unaoweza kuugusa kwa mkono, ili namba ya U ishuke bila kuongeza kioo cha tatu. Namba hushuka kweli, lakini uso wa kioo wenyewe huwa baridi zaidi, kwa sababu hauli tena joto linalotoka chumbani, na umande huongezeka. Kwa familia yenye unyevu mwingi ningeukwepa.

Jua la Winnipeg ni rafiki. Siku zenye baridi kali mara nyingi ndizo zenye anga jeupe, na adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba jua husimama nyuzi 17 tu juu ya upeo wa macho, kiasi kwamba miale yake huingia hadi ukuta wa pili wa sebule. Madirisha ya kusini basi yachaguliwe utando unaopitisha jua kwa wingi, wenye namba ya jua (SHGC kwenye lebo, yaani sehemu ya joto la jua inayopita dirishani) ya 0.5 au zaidi kwa vioo viwili, na karibu na hapo kwa vitatu. Ya magharibi yawe na utando mkali zaidi, la sivyo Julai chumba kitachemka. Mtu anayeishi Fairbanks, Alaska, ambako siku hiyohiyo jua hufika kama nyuzi 2 tu juu ya upeo, asihangaike na hesabu hii kwa majira ya baridi. Achague U ndogo kuliko zote anazoweza kuzilipia.

Kuhusu gesi nitasema kidogo. Agoni ni bora kuliko hewa, ni ya bei ndogo, na hufanya kazi vizuri nafasi kati ya vioo ikiwa milimita 12 hadi 16. Kriptoni ni bora zaidi katika nafasi nyembamba za milimita 8 hadi 10, lakini bei yake haina sababu katika nyumba ya kawaida.

Ukanda unaovitenganisha vioo pembeni hutajwa mara chache, na ndio ninaoutazama kwanza. Ukiwa wa alumini, huo ni daraja la baridi linalozunguka kioo chote, na ndiyo maana utaona madirisha ambayo katikati ni makavu na kandokando yana mstari wa maji au sakitu upana wa vidole viwili. Ukanda wa povu la silikoni, wa plastiki ngumu au wa chuma cha pua chembamba hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Utautambua bila kuuliza: piga jicho kati ya vioo, na ukiona ukanda wa metali nyeupe inayong'aa wenye vitundu vidogo, muulize muuzaji ni metali gani.

Lebo inaposema kweli nusu

Nchini Kanada, tangu 2020, dirisha hupata Energy Star, alama ya vifaa vinavyookoa nishati, kwa njia mbili: ama U isizidi 1.22, ama namba ya ER ifike 34. Njia hizo si sawa. ER hujumlisha joto la jua linaloingia na kutoa joto linalopotea katika majira yote, na jua hupewa uzito mkubwa. Dirisha la vioo viwili lenye U ya 1.6 na namba ya jua ya 0.55 hupata ER ya karibu 36 na kupewa alama, ilhali la vioo vitatu lenye U ya 1.1 na namba ya jua ya 0.25 hupata ER ya karibu 30 tu, na alama yake huipata kwa njia ya U. Usiku wa manane hakuna jua, na ER haikuambii lolote kuhusu joto la kioo saa hiyo. Ukiwekewa madirisha mawili mezani, yote yakiwa na alama ileile, soma U kwanza, kisha namba ya jua, na ER iwe ya mwisho.

Fremu: PVC, faibaglasi, mbao na alumini

Alumini hupitisha joto takriban mara elfu moja kuliko PVC, na hapo ndipo mjadala wake unapoishia kwa nyumba za kuishi huku, isipokuwa ikiwa imekatwa katikati kwa kizuizi cha plastiki. Na hata hivyo haifikii nyingine.

PVC ndiyo iliyotawala mitaani kwa sababu ya bei, haipakwi rangi na haiozi. Udhaifu wake ni kunywea na kutanuka. Kipande cha mita 2, kutoka joto la nyuzi 30 la Julai hadi nyuzi 35 chini ya sifuri, hubadilika urefu kwa karibu milimita 8, wakati kioo kilichomo ndani yake hubadilika kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Upande wa nje wa fremu hunywea huku wa ndani ukiwa na joto la chumba, na hivyo fremu ndefu hupinda kidogo na mpira huacha kubana katikati. PVC nyeusi iliyo upande wa kusini huteseka zaidi. Ikiwa utanunua PVC, nunua nyeupe, yenye kuta nene na vyumba vingi vya hewa ndani yake, pembe zikiwa zimeunganishwa kwa kuyeyushwa, na usikubali dirisha pana mno linalofunguka, ligawanye mawili.

Faibaglasi hunywea na kutanuka kwa kiasi kinachokaribiana na kioo, ni ngumu, na hubeba uzito wa vioo vitatu bila kulegea. Bei yake ni kubwa. Kwa madirisha makubwa ya sebule, na kwa mtu anayenuia kukaa katika nyumba hiyo hadi watoto wamalize shule, ndiyo ningeichagua, na PVC nzuri ningeiacha kwa madirisha madogo.

Mbao ni nzuri na yenye joto mkononi, lakini umande ukiipata kila asubuhi itaoza, kwa hiyo inamfaa yule tu aliyekwisha kuudhibiti unyevu. Wenzetu walioko Ufini wanaijua namna ya huko: mbao upande wa ndani, alumini upande wa nje kukinga mvua, na majani mawili yanayofungukia ndani yenye nafasi kubwa kati yake. Ni madirisha imara sana, na kwa kuwa alumini yake iko nje ya mbao, haipitishi baridi ndani.

Namna ya kufunguka

Dirisha la kusukuma na la kupandisha hutegemea brashi au mpira unaoteleza, na kitu kinachoteleza hakiwezi kubana. Reli yake ya chini hukusanya maji, maji huganda, na Januari dirisha halifunguki tena. Dirisha la bawaba, linalofungukia nje kwa kuzungusha mkono wake, hubanwa na komeo dhidi ya mpira pande zote nne, na upepo ukilisukuma kutoka nje hulibana zaidi. Lile la namna ya Ulaya, linalofungukia ndani na kuweza pia kuegama juu, hubana vizuri zaidi ya yote na husafishwa kwa urahisi, ila linahitaji nafasi ya pazia. Lisilofunguka kabisa ni la joto kuliko yote na la bei ndogo kuliko yote. Katika sebule yenye madirisha matatu, moja likifunguka inatosha.

Kwenye besimenti kuna jambo ambalo lazima lipewe uzito kuliko baridi. Wengi wetu huanza maisha tukiwa tumepanga chini, na chumba cha kulala kisicho na njia ya pili ya kutokea ni mtego wakati wa moto. Kanuni ya ujenzi ya Kanada hutaka dirisha hilo liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.35, na upande wowote wa uwazi huo usiwe chini ya milimita 380. Dirisha la kusukuma hufungua nusu yake tu, hivyo dirisha linaloonekana kubwa linaweza kushindwa kipimo. Likiwa ndani ya shimo lililochimbwa nje ya ukuta, mbele yake pawe na nafasi ya milimita 760, na lile linalofungukia nje kwa kuinuka lisiwekwe mahali ambapo litamzuia mtu kupanda. Pima uwazi wenyewe kwa futi yako, jani likiwa limefunguliwa hadi mwisho, kabla ya kutia saini.

Kuchomeka kwenye fremu ya zamani, au kung'oa hadi kwenye mbao za ukuta

Hapa ndipo tofauti kubwa ya makadirio ya bei hutokea, na hapa ndipo mimi mwenyewe niliumia. Kuna njia mbili za kubadilisha dirisha. Ya kwanza ni kuondoa majani na vioo tu, kuiacha fremu ya zamani ukutani, na kuchomeka dirisha jipya dogo ndani yake. Ya pili ni kung'oa kila kitu hadi zionekane mbao za ukuta, kisha kujenga upya kutoka hapo. Ya kwanza huchukua muda mfupi, haisumbui ukuta, na bei yake ni nafuu.

Nyumba yangu ya kwanza ilichomekwa. Madirisha yalikuwa mapya, yenye vioo vitatu, na lebo zake zilikuwa safi. Februari ya mwaka wa kwanza, ukingo wa dirisha la chumba cha watoto uliota barafu nene kama kidole gumba, na zulia lililokuwa chini yake likanuka ukungu. Nilimwita fundi mwenzangu tukatoa ubao wa pambo la pembeni. Nyuma yake, kati ya fremu ya zamani na ukuta, palikuwa na sufi ya kioo ya manjano iliyosokomezwa miaka mingi iliyopita, na yote ilikuwa imegeuka nyeusi kama kichujio cha gari. Sufi haizuii hewa, huichuja tu. Weusi ule ulikuwa vumbi la miaka ya upepo uliokuwa ukipita humo. Ubao wa chini wa fremu ya zamani ulikuwa laini kiasi cha kuingiza bisibisi kwa mkono. Dirisha jipya lilikuwa limekaa juu ya uozo, na baridi ilikuwa ikilizunguka na kuingia bila kuligusa.

Tangu siku hiyo sichomeki dirisha bila kwanza kutoa ubao wa pambo na kuangalia kilichoko nyuma. Kuchomeka kunafaa pale tu ambapo fremu ya zamani ni kavu, ngumu, imenyooka, na nafasi inayoizunguka inaweza kufikiwa na kujazwa povu. Katika nyumba za Winnipeg zilizojengwa kabla ya miaka ya 1980, masharti hayo hutimia mara chache. Isitoshe, fremu ndani ya fremu hula kioo: dirisha la chumba kidogo linaweza kupoteza sentimita kadhaa kila upande, nawe umelipa kwa ajili ya mwanga.

Ukichagua kung'oa, dai mambo yafuatayo yaandikwe kwenye mkataba, kwa kuwa ndiyo yanayorukwa kazi ikiwa na haraka. Sehemu ya chini ya uwazi iwekwe mteremko wa kuelekea nje na kufunikwa kwa utando usiopitisha maji, uliopandishwa pembeni kwenye kona, ili maji yoyote yatakayoingia yatoke yenyewe. Ukingo wa nje wa fremu uzibwe juu na pembeni, lakini chini uachwe wazi. Anayeziba pande zote nne akidhani ameongeza ulinzi ameyafungia maji ndani. Fremu ikae juu ya kabari ngumu zilizopangwa chini ya uzito wa kioo, si popote zilipoangukia, na ipimwe kwa pimamaji, kwa timazi na kwa kulinganisha ulalo mmoja na mwingine. Tofauti ikizidi milimita 3, bawaba zitalalamika. Kanada ina kiwango chake cha ufungaji, CSA A440.4, na fundi anayekijua hataudhika ukikitaja.

Nafasi kati ya fremu na ukuta, ambayo huwa kama sentimita moja kila upande, ijazwe povu maalumu la madirisha lenye kutanuka kidogo. Povu la kawaida lina nguvu ya kuipindisha fremu ya PVC hadi dirisha likatae kufungwa. Kisha, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, upande wa ndani uzibwe hewa kabisa: nailoni ya ukutani inayozuia unyevu iunganishwe na fremu kwa utepe au silikoni, pande zote nne. Babu zetu wa pwani walipotia kalafati kwenye jahazi hawakuacha hata ufa mmoja wakisema bahari haitauona. Hewa yenye unyevu nayo hupata ufa wowote, huingia ukutani, hukutana na baridi na kugeuka barafu, kisha Aprili huyeyuka na kuozesha mbao.

Dirisha likae pia mahali sahihi katika unene wa ukuta. Likisogezwa nje kabisa ili lipendeze kwa mtazamaji wa barabarani, ukingo wa ndani huwa mpana kama rafu, hewa ya joto haikifikii kioo, na umande huongezeka. Kulisogeza karibu na katikati ya tabaka la kuhami huleta joto zaidi kwenye fremu. Kwa sababu hiyohiyo, mapazia mazito yanayofunika kioo hadi chini na nyavu za mbu zilizoachwa upande wa ndani wakati wa baridi hukifanya kioo kuwa baridi zaidi. Ondoa nyavu Oktoba, acha pazia liwe na upenyo chini na juu, na usisukume kochi juu ya tundu la hewa moto lililoko chini ya dirisha.

Kazi inaweza kufanyika hata Januari, uwazi mmoja baada ya mwingine, lakini silikoni haishiki juu ya sakitu na povu lina kiwango cha joto kilichoandikwa kwenye kopo. Kama hakuna dharura, subiri Mei hadi Septemba.

Kwa mpangaji asiye na ruhusa ya kubadilisha

Mwenye nyumba akikataa, nunua nailoni angavu ya kubandika upande wa ndani kwa utepe wa pande mbili, kisha ipitishie kikausha nywele hadi ikaze. Hukamata tabaka la hewa, hufanya kazi kama kioo cha ziada, na msimu mmoja ni gharama ndogo. Ibandikwe upande wa ndani na izibe vizuri pande zote, kwa sababu ikiacha upenyo, unyevu utapita nyuma yake na kuganda kwenye kioo. Dirisha la kutokea la chumba cha besimenti lisifunikwe.

Baada ya ufungaji, subiri usiku wa kwanza wenye upepo na nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi. Washa feni ya jikoni na ya bafuni ili nyumba ivute hewa kutoka nje, chukua kijiti cha udi, na ukipitishe taratibu kuzunguka fremu, ukianzia kona za chini, kisha pale ubao wa pambo unapokutana na ukuta. Moshi ukipanda wima, pamezibwa. Ukiinama kuelekea chumbani, bandika hapo kipande cha karatasi, piga picha, na umpigie fundi simu asubuhi yake, kabla hajalipwa sehemu ya mwisho ya fedha.